Mtunzi Hajulikani

Mtu anayeinuka kwenye kiti mara tu majina yanapoanza kupanda kwenye skrini, mimi simpendi, na nasema wazi. Filamu haijaisha! Bado kuna aliyeshona nguo, aliyeshika taa, aliyepiga ngoma, aliyewapikia hao wote, na wewe unanisogezea makalio usoni ukikimbilia mlango utadhani nyumba yako inaungua. Kaa chini. Nimeshawaambia watu maneno hayo ukumbini, tena kwa sauti, na nimeshatukanwa mara nyingi tu, wala sijali.

Mimi ni fundi redio, tena mwanamke. Duka langu lina meza moja, taa moja ya kuinamisha shingo, na kuta tatu zilizojaa kaseti mpaka darini, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Kaseti. Hata mama yangu mzazi huniita hivyo akitaka kunichokoza. Mteja akija kuchukua redio yake lazima niijaribu mbele yake, na siijaribu kwa muziki wao wa siku hizi. Naweka wimbo wa wanawake wakitwanga, au wa wanaume wakivuta gogo. Juzi mwalimu mmoja alisikiliza, akakuna kichwa, akaniuliza, "Fundi, huu ni wa msibani?"

"Wa kazini," nikamwambia.

"Basi hiyo kazi inaua," akasema, akabeba redio yake, akaenda zake.

Kinachonikera kuliko vyote ni hilo neno "asili." Mtangazaji anaweka wimbo, anaukatiza katikati kwa tangazo la sabuni, halafu anasema kwa sauti ya kubembeleza, "Huo ni wimbo wa asili, kutoka kwa wazee wetu." Wazee gani? Wazee hawakuitisha kikao wakapigia kura mstari wa pili. Kila wimbo ulitungwa na mtu mwenye jina, siku ambayo labda jino lilikuwa linamuuma au mumewe amemnunia. Ukisema "wa asili" ukaishia hapo, umemfuta. Umepitisha kitambaa juu ya meza, umeondoka.

Kwa hiyo nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilinunua mashine ya kurekodi, nikaanza kubisha hodi kwenye nyumba za watu. Kwenye kila kaseti niliandika nani ameimba, nani ametunga, anafanya kazi gani, anaishi wapi. Nikiambiwa "aa, huo ni wa zamani tu," siondoki. Wewe uliusikia kwa nani? Na yeye je? Bibi mmoja alichoka na maswali yangu akanitoa kwake kwa mwiko. Baada ya miaka miwili nikapeleka boksi zima kwenye maktaba ya sauti, pale wanapohifadhi nyimbo, na tangu siku hiyo nimetembea kifua mbele. Mimi ndiye niliyewaandikia watu majina yao! Nimeyasema hayo harusini, msibani na kwenye foleni ya benki. Aliyewahi kukaa nami nusu saa bila kuyasikia, basi alikuwa amelala.

Sasa Jumamosi moja mchana nikaenda sinema. Kwenye tangazo la mlangoni waliandika kwamba filamu "imepambwa kwa nyimbo za asili." Nikasonya, nikakata tiketi. Ilikuwa hadithi ya mjane anayekataa kuhama nyumba ya mumewe. Filamu yenyewe si mbaya, ila mwenye kamera alikuwa mtu asiye na haraka kabisa: jani linatikisika, tunalitazama, pazia linatikisika, tunalitazama. Mjane akakaa kizingitini. Upepo ukavuma. Ndipo wanawake wawili, ambao hawaonekani, wakaanza kuimba.

*Shika ncha, vuta kwako,*
*njoo nayo, rudi kwako...*

Hapo pana kimya kirefu. Halafu:

*Viatu vinalia, mwenye navyo yuko wapi?*

Sauti ya juu, ile yenye mkwaruzo kidogo, ilikuwa ya mama. Ndiyo sauti iliyonibembeleza, ikaniita nirudi ndani giza likiingia, ikanigombeza nilipovunja birika. Na ile ya chini, nzito, ilikuwa ya Bi Pasi, rafiki wa mama kazini tangu ujana wao. Mimi nilimwita mama mdogo ingawa hatukuwa ndugu. Bi Pasi alifariki miaka minane iliyopita. Nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono yote miwili mpaka mwenye kiti akageuka kunitazama.

Nikasubiri majina. Watu wakaanza kuinuka, mimi nikawa nachungulia katikati ya migongo yao. Likapita la mwongozaji, likapita la aliyeendesha gari, hata la mwenye mbuzi walioonekana kilimani. Halafu ikaja: "Wimbo wa kizingitini: wa asili. Mtunzi hajulikani."

Mori ulinipanda, sikujijua. "Huyo ni mama yangu!" nikapiga kelele. "Mama yangu anaimba humo! Mbuzi wana mwenyewe, mama yangu hana jina?"

Mkata tiketi akaja mbio na tochi yake. "Kama mama yako anaimba," akaniambia, "wewe si ungenyamaza umsikilize?" Akanishika mkono, akanitoa nje kwa adabu zote, nami nikamtukana kwa adabu chache sana.

Nyumbani nilimkuta mama chumbani kwake anakunja nguo zilizokauka. Ana miaka sabini na minane, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja.

"Mama, ule wimbo wenu wa kazini, *Shika ncha*, aliutunga nani?"

"Umeota nini leo?"

"Nijibu kwanza, mama."

"Si ni mimi na Bi Pasi! Mimi yale ya mwanzo, yeye ule mstari wa viatu." Akakunja blauzi, akaiweka juu ya nyingine. "Mbona umetoa macho hivyo? Nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakunja, mpaka nilipofika kwenye kizingiti na upepo na mjane. "Wameimbisha *Shika ncha* kwenye huzuni?" akauliza. Nikasema ndiyo. Basi akaangua kicheko, akacheka mpaka akalazimika kukaa kitandani. Mimi moyo unawaka, yeye anajifuta machozi kwa soksi.

Ndipo akanieleza kitu ambacho, kwa ufundi wangu wote wa nyimbo, sikuwa nakijua. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja na ncha zake mbili, mnavuta mpaka linyooke. Mnalikunja, mnakutana katikati. Mmoja anachukua ncha zote, mwenzake anainama kuokota mkunjo chini, anarudi nao nyuma. Mkiimba, mikono inakwenda pamoja na shuka haliburuti sakafuni.

"Na kile kimya?" nikamuuliza. "Baada ya *rudi kwako*?"

"Hapo ncha nimezibana kwa kidevu," mama akasema. "Bi Pasi ameinama, tumbo limejikunja. Nani ataimba?"

Na viatu? Viatu vilikuwa vya msimamizi. Mtu mnene, mkali, viatu vyake vililia kama vifaranga, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa havisikii. Wanawake wakiwa wamejipumzisha juu ya marobota, wa kwanza kuvisikia aliimba ule mstari, na wote walisimama wakashika mashuka. Msimamizi aliingia akawakuta wanaimba, akafurahi. Aliwasifu kwa bosi wake kwamba wanafanya kazi kwa moyo.

"Miaka yote hii, mama, hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unawauliza wanawake wa watu."

Sikutaka kusimama hapo. Nikarukia swali jingine. "Lakini nani aliwarekodi?"

Mama akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake. "Si wewe? Ulikuja na mashine yako mpya, hata nailoni hujaitoa. Ukasema unataka kuijaribu penye kelele."

Kweli. Nikaikumbuka siku yenyewe: mvuke, harufu ya dawa, mashine nimeiweka juu ya robota, na wao wanacheka kabla ya kuanza. Nikaenda kutafuta kaseti ile kwenye kuta zangu zote tatu, sikuiona, na mama akanikumbusha kwamba zile za mwanzo zote nilizitia kwenye boksi la maktaba.

"Basi ni maktaba!" nikasema. "Wamefuta majina, au huyo mwongozaji kayafuta. Mimi huwa naandika kila kitu!"

"Una hakika?"

"Mama! Mimi? Mimi nisiandike?"

Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema, naye si mtu wa kuomba. "Jina langu waliache kama wanaona taabu. Lakini Bi Pasi hakuzaa. Kile kibao cha kaburini kilianguka, na sasa hata pa kusimama sipajui. Ile picha yetu ya kazini alifumba macho, walipoitundika ukutani wakamkata pembeni. Hana kitu hapa duniani, mwanangu. Waambie wamwandike jina lake. Wamwandike kubwa, nilisome bila miwani."

Nikamwambia, "Litaandikwa. Ama zao ama zangu."

Kwenye tangazo la sinema walikuwa wameandika kwamba Jumamosi inayofuata mwongozaji atakuja mwenyewe kujibu maswali ya watazamaji. Wiki nzima sikutengeneza redio ya maana. Nilishika kifaa cha kuunganishia nyaya huku nikipanga matusi, na mara mbili niliunguza kidole.

Jumamosi mama alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kanisani. Mkata tiketi aliponiona akakunja uso, nami nikamwambia, "Leo nimekuja na mwimbaji mwenyewe." Akamtazama mama, akampisha.

Wimbo ulipoanza, nilimwona mama gizani anasogeza mikono juu ya mapaja, anakunja hewa. Mwishoni kabisa mwa wimbo, nyuma ya sauti zao, kuna mlio mdogo mdogo ambao mimi mara ya kwanza nilidhani ni mdudu wa kwenye majani. Mama aliusikia akaruka. "Huyo anakuja!" akasema kwa nguvu, akacheka. Mjane kule mbele ndiyo kwanza anatokwa na machozi.

"Ssss!" mtu akafanya nyuma yetu.

"Unamnyamazisha nani?" mama akageuka. "Huyo unayemsikia ni mimi."

Taa zikawashwa. Mwongozaji akapanda jukwaani: kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, mpole mno kwa hasira niliyokuja nayo. Mbele yake waliweka meza yenye kitambaa cheupe kikubwa na chupa mbili za maji. Mtu akamuuliza kuhusu wimbo wa kizingitini, naye akafumba macho kidogo kabla ya kujibu. Akasema viatu vinavyolia ni nyayo za waliotangulia, wanaokuja kumchungulia mjane. Akasema kile kimya katikati ni pumzi ya msiba, mahali ambapo lugha inashindwa. Watu wakaguna kwa kuguswa.

Sikungoja maiki. "Mwongo!" nikasema. "Viatu ni vya msimamizi! Na pumzi ya msiba ni kidevu cha mama yangu!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mtu mmoja aliyenijua akasema, "Haya, Kaseti ameshawashwa," wakacheka, nami ndiyo nikazidi. Nikapewa maiki, sijui na nani, labda waliona ni nafuu kuliko kunisikiliza bila maiki. Nikamweleza mwongozaji yeye ni mtu wa namna gani. Nikamweleza kwamba mbuzi wake kawaandikia mwenyewe, na wanawake wawili walioinama miaka thelathini kawaita asili. Nikasema amepora sauti ya marehemu akaipamba kwa upepo.

"Dada yangu," akasema taratibu, "una uthibitisho gani?"

Kabla sijafungua kinywa, mama alikuwa ameshasimama. Alipanda zile ngazi nne za jukwaa kwa kushika ukingo, akahamisha chupa za maji moja baada ya nyingine, akakivuta kile kitambaa cheupe kutoka mezani. "Njoo," akaniita. "Shika ncha."

Nikapanda. Nikashika ncha zangu mbili, yeye zake, akaanza kuimba. Sauti imezeeka, mkwaruzo umezidi, lakini hapana aliyekohoa. *Shika ncha, vuta kwako.* Tukavuta, kitambaa kikanyooka kikalia pa! *Njoo nayo.* Mimi nikaenda haraka.

"Bado!" akanikemea. "Una haraka ya nini? Rudi." Watu wakacheka. Tukaanza tena. Tulipokutana akanipokonya ncha zangu, akazibana zote kwa kidevu, akanionyesha chini kwa macho. Nikainama kuokota mkunjo. Hapo ndipo kimya kilipokaa, urefu ule ule wa kwenye filamu, na ukumbi wote ukakielewa kwa pamoja, nikawasikia wanavuta pumzi. Nilipoinuka mama akaachia kidevu na kuimba mstari wa viatu, akitazama mlangoni kwa uoga wa kuigiza. Makofi yalipigwa mpaka mkata tiketi akaja kuchungulia.

Mwongozaji alikuwa amesimama. Akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mama," akasema. "Mimi sikujua. Nilitafuta mtunzi miezi mitatu. Maktaba ya sauti walinipa kaseti hiyo ikiwa na maandishi haya haya." Akafungua faili lake akatoa karatasi, nakala ya rangi ya kile kikaratasi cha ndani ya ganda la kaseti, akasoma. "Waimbaji: wanawake wawili. Kazi:" hapo hapakuandikwa kitu. "Wimbo wa asili. Mtunzi hajulikani."

"Nani aliandika huo upuuzi?" nikauliza kwenye maiki.

"Hawamjui. Kulikuwa na mafuriko, daftari lao la kupokelea liliharibika."

"Basi huyo mtu ni mpumbavu," nikasema, na nilikuwa nimepata upepo sasa, makofi bado yako masikioni. "Ni mtu asiye na haya! Amesimama mbele ya wanawake wawili, wana vinywa, wana majina, ameshindwa kuuliza maneno mawili. Hajulikani! Alikuwa kiziwi? Aletwe hapa mbele tumwone sura!"

"Aletwe!" wakaitikia nyuma.

Mwongozaji akanipa karatasi.

Wino ulikuwa wa kijani. Wakati ule niliandika kwa kalamu ya kijani, nikijiona msomi. Na ile herufi j ya "hajulikani" ilikuwa na mkia uliojikunja kushoto ukarudi juu. Hiyo j mama alinifundisha kwa kidole, kwenye dirisha la kufulia lililojaa mvuke, nikiwa bado sijaanza shule. Sijaona mtu mwingine yeyote anayeiandika vile.

Nikakumbuka, na niliyokumbuka si kwamba nilisahau kuuliza. Heri ningekuwa nimesahau. Maktaba ya sauti ilikuwa na mabwana waliovaa tai, na boksi langu lilikuwa na manju na waganga na wapiga zumari. Usiku wa kuamkia kulipeleka nilishika kaseti ile mkononi nikajiuliza, nikiandika jina la mama, na la kazi yake, si wataniuliza? Si watajua kwamba mama yangu anafua mashuka yenye damu za watu? Nikaona aibu. Nikaandika nilivyoandika, nikatia kwenye boksi, na miaka thelathini nikajisifu.

Mama alikuwa amevaa miwani. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma. Kidole chake kikapita juu ya mstari wa mwisho, kikasimama kwenye ile herufi. Hakuniangalia. Akaikunja karatasi mara mbili, ncha juu ya ncha, akanirudishia.

Mwongozaji alikuwa anaendelea kueleza ukumbi. Nakala ya mwisho itakwenda kwenye televisheni Jumatano. Anaweza kuongeza majina, kwa furaha, lakini maktaba hawatakubali kubadilisha maandishi yao mpaka aliyerekodi aandike mwenyewe kwamba alikosea. Bila huyo mtu ataruhusiwa kuandika "inasemekana" tu. "Inasemekana," alirudia, kwa masikitiko.

"Kaseti, wewe unawajua wote wa mambo hayo," mtu akapaza sauti. "Si umtafute!"

Wakacheka. Hapana aliyejua. Ningeweza kusema nitamtafuta, nikashuka ngazi, Jumatano ikapita. Mama asingenisema, nalijua hilo. Angekunja nguo zake akanyamaza, na Bi Pasi angekuwa inasemekana.

"Mwandiko ni wangu," nikasema.

Hawakusikia vizuri, maiki nilikuwa nimeishusha. Nikaiinua. "Aliyeandika hivi ni mimi. Walioimba niliwajua, nani ametunga sikuwauliza kwa makusudi. Huyu ni mama yangu, na nilimwonea haya kwa kazi yake. Hakuna aliyefuta jina. Mimi ndiye sikuliandika."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja akasonya, ndefu, ile ya kutoka rohoni, na nilijua alikuwa na haki. Nilikuwa na hasira bado, na sikuwa na wa kumtupia.

Mwongozaji akatafuta fomu kwenye faili lake, akaiweka juu ya meza iliyo uchi, akanipa kalamu. Mama akasimama nyuma ya bega langu. Akanitajia majina matatu ya Bi Pasi, lake, la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi, kama vile mimi sijui kuandika. Nikaandika kwa herufi kubwa. Halafu akanitajia ya kwake, yote matatu, na nikayaandika chini ya yale. Fomu ikauliza: unawafahamuje watunzi? Nikaandika: mama yangu, na mama yangu mdogo.

Nikaweka sahihi, nikasogeza karatasi.

"Umeruka hapa," mama akasema, na kidole chake kikagonga nafasi moja tupu. Iliandikwa: kazi ya watunzi.

Nikashika kalamu tena.

"Kufua mashuka ya hospitali," akasema. "Andika lisomeke."

Nikaandika. Alisoma mpaka mwisho, midomo ikitikisika, akavua miwani akaitia kwenye mkoba. Kisha akachukua kile kitambaa tulichokikunja, akakitandika upya mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akarudisha chupa za maji mahali pake.

"Twende," akaniambia. "Na usinisemeshe mpaka tufike nyumbani."

Nilimshika mkono kwenye ngazi, akauachia tulipofika chini. Mimi, Kaseti, nilitembea nyuma yake njia nzima, mdomo umefungwa.